Aliyepitwa na Umri wa Kuajiriwa

Tumeulizwa mas-ala na ndugu yetu wa pwani akaaye Bariadi, mkoa wa Simiyu. Umri wake ni miaka 47, na Serikali, kwa anayeomba kazi yake mara ya kwanza, haipokei aliyezidi 45. Amenong'onezwa apunguze miaka katika cheti. Je, yajuzu?

Haijuzu. Huo ni uwongo, na kila mwezi atakapopokea mshahara ataukumbuka. Ama huzuni yake haina aibu, Mtume (s.a.w.) mwenyewe akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na huzuni, na papo hapo na uvivu.

Lakini jawabu kubwa ni lenu, enyi wenye mali. Imam Nawawi amebainisha ya kuwa fakiri mwenye ufundi hupewa katika Zaka kiasi cha kununulia vyombo vya kazi yake, thamani yavyo ikiwa ndogo au kubwa. Huyu ajua kushona. Ajabu, nchi ya pamba, na fundi wa nguo hana cherehani! Kumgaia kibaba cha mtama kila Ijumaa ni kumzoeza kubisha hodi. Basi apewe fedha ya cherehani mkononi, iwe milki yake, si mkopo. Nao wapaswao kwanza ni matajiri wa Bariadi, kwani kwetu Mashafi'i Zaka haihamishwi mji. Nanyi wa pwani, tazameni ni nani mtaani mwenu aliyekwisha pita miaka 45.