Injili ya Jamii: Mafundisho Tuyapatayo Kutoka Marekani

Liko swali ambalo husikika mara nyingi baada ya Misa, watu wanapoamkiana mlangoni pa kanisa. Padre akihubiri juu ya ujira wa vibarua, mmoja husema: "Angetuhubiria mambo ya mbinguni, ya mishahara awaachie wenye kazi." Akihubiri juu ya mbingu, mwingine hunung'unika: "Kila siku mbinguni, na watu wana njaa hapa duniani." Wote wawili hujiona wana haki. Sisi twasema kwamba kila mmoja ameshika nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ikishikwa peke yake yaweza kumpoteza mtu sawasawa na uongo mzima.

Swali hilo si jipya. Liliwasumbua sana wahubiri wa Marekani katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa na miaka ya kwanza ya karne ya ishirini. Wakatokea kati ya ndugu zetu Waprotestanti watu walioanzisha mafundisho yaliyoitwa Injili ya Jamii. Yafaa tuyachunguze mafundisho hayo kwa haki, tuone mema yake na upungufu wake, kisha tujitazame wenyewe.

Kwanza tukumbuke hali ya nchi ile. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1865, viwanda viliongezeka upesi. Watu wakamiminika mijini kutoka mashambani na kutoka Ulaya. Wengi wa wageni hao walikuwa Wakatoliki: Waairishi, Waitaliani na Wapolandi. Katika New York jamaa nzima zilisongamana katika vyumba vya giza visivyo na hewa. Mwaka 1890 mwandishi wa magazeti Jacob Riis aliwaonyesha matajiri, kwa maneno na kwa picha, jinsi jirani zao walivyoishi. Hesabu ya watu ya mwaka 1900 ilionyesha kwamba watoto zaidi ya 1,700,000 wenye umri wa miaka 10 hadi 15 walikuwa wakifanya kazi ya kupata riziki. Katika viwanda vya chuma watu walifanya kazi saa 12 kwa siku, na desturi hiyo haikuanza kuachwa ila mwaka 1923. Tena tarehe 25 Machi 1911 moto uliteketeza kiwanda cha kushona nguo mjini New York, wakafa watu 146, wengi wao wasichana wa Kiyahudi na wa Kiitaliani. Mlango mmoja ambao wangeweza kuukimbilia ulikuwa umefungwa kwa ufunguo.

Katika hali hiyo aliingia kijana mmoja, Walter Rauschenbusch, aliyezaliwa Rochester mwaka 1861, mtoto wa mchungaji Mjerumani wa dhehebu la Wabaptisti. Mwaka 1886 alipewa usharika mdogo wa Wajerumani maskini mjini New York, karibu na mtaa uliopewa na watu jina la Jiko la Jehanamu. Alikwenda kule na nia moja, kuziokoa roho za watu mmoja mmoja, kama alivyofundishwa. Lakini alijikuta akizika watoto. Majeneza madogo yalimwumiza moyo kuliko mambo yote. Akajiuliza: Je, watoto hawa wamekufa kwa dhambi ya nani? Wazazi wao walisali, hawakulewa, walifanya kazi tangu alfajiri hata usiku. Aliyewaua ni ujira mdogo, chumba kibovu na maziwa machafu, na mambo hayo yalikuwa na wenyewe walioyapatia faida. Yeye mwenyewe aliugua akapoteza uwezo wa kusikia angali kijana, akaishi na uziwi maisha yake yote.

Mwaka 1897 alirudi Rochester kufundisha katika chuo cha wachungaji, na mwaka 1907 akatoa kitabu juu ya Ukristo na taabu za jamii, kilichomfanya ajulikane nchi nzima. Fundisho lake kubwa lilikuwa hili: dhambi haikai ndani ya moyo wa mtu mmoja tu. Hujenga nyumba yake pia katika sheria mbaya, katika biashara ya dhuluma, na katika desturi ambazo watu wema huzifuata bila kuuliza. Na Ufalme wa Mungu aliouhubiri Bwana wetu wahusu maisha yote ya watu, wala si mahali pa kwenda baada ya kufa tu.

Hakuwa peke yake. Mchungaji Washington Gladden wa mji wa Columbus, Ohio, alikuwa amewatetea wafanyakazi miaka mingi kabla yake. Mwaka 1905 alipinga hadharani shirika la misioni la kanisa lake lisipokee dola 100,000 za tajiri wa mafuta Rockefeller, kwa sababu alihesabu fedha hiyo kuwa imechumwa kwa njia mbaya. Ikaja kujulikana kwamba shirika lenyewe ndilo lililoiomba, na fedha haikurudishwa. Mjini Chicago, mwaka 1900, Reverdy Ransom, mchungaji wa Wamarekani weusi, alifungua kanisa lililokuwa pia mahali pa kuwasaidia na kuwafundisha maskini. Na mwaka 1908 makanisa mengi ya Kiprotestanti yaliyoungana katika baraza moja yalitoa tamko: watoto wasiajiriwe, saa za kazi zipunguzwe, kila mtu apate siku moja ya kupumzika katika siku saba, mshahara utoshe kumwezesha mtu kuishi, na wazee waliochoka kwa kazi wasitupwe.

Mkatoliki atasema nini juu ya mambo hayo? Atasema kwanza kwamba ni mema. Kumnyima kibarua ujira wake ni dhambi imliliayo Mungu kulipiza. Ndivyo tulivyofundishwa katika Katekisimu tangu utoto, na ndivyo avyoonya Mtume Yakobo katika Waraka wake. Anayeitetea haki hiyo, awe wa dhehebu lolote, aitetea kweli.

Lakini upungufu ulikuwapo, wala hatuna budi kuutaja. Wengi wa wahubiri hao walikuwa wamekwisha kuathiriwa na elimu ya dini iliyoitwa ya kiliberali. Elimu hiyo ilimsifu Yesu kuwa mwalimu mkuu, lakini ilisitasita juu ya miujiza yake, juu ya kuzaliwa kwake na Bikira, hata juu ya kufufuka kwake katika mwili. Mwaka ule ule wa 1907 Baba Mtakatifu Pius X alitoa Waraka wa kuyakataza mafundisho ya namna hiyo yalipoanza kupenya kati ya Wakatoliki. Huko Marekani ugomvi ulilipuka kati ya Waprotestanti wenyewe, hasa baada ya hotuba ya mhubiri mashuhuri Harry Emerson Fosdick mjini New York, mwezi Mei mwaka 1922, aliyewapinga waliotaka kuwatoa waliberali katika makanisa.

Kosa la pili lilikuwa kuuchanganya Ufalme wa Mungu na maendeleo ya dunia. Wengi waliamini kwamba shule zikiongezeka, sheria zikitengenezwa na mishahara ikipanda, dhambi itapungua yenyewe, na Ufalme utafika kama gari moshi lifikavyo kituoni. Ndipo ikaja vita ya mwaka 1914. Mataifa yaliyoelimika kuliko yote yakauana kwa mamilioni. Rauschenbusch, mwenye damu ya Kijerumani, alihuzunika mno, akafa mwezi Julai 1918 vita ikiwa haijakwisha. Tumtendee haki: yeye binafsi alikuwa mtu wa sala, na katika kitabu chake cha mwaka 1917 alisisitiza sana ukweli wa dhambi. Lakini wengi waliomfuata walilegea. Mwaka 1932 Reinhold Niebuhr, aliyekuwa mchungaji kati ya wafanyakazi wa Detroit, aliwaonya kwamba nguvu ya dhambi katika mataifa na katika vyama vya watu ni kubwa kuliko walivyodhani.

Kosa la tatu lilikuwa kunyamaza. Wengi wa wahubiri weupe walioona vizuri jasho la mfanyakazi wa kiwandani hawakusema vya kutosha juu ya ndugu zao weusi waliobaguliwa na kuuawa na makundi ya watu pasipo hukumu. Martin Luther King, ambaye mwaka 1958 alikiri kwamba vitabu vya Rauschenbusch vilimwachia alama, alisema pia kwamba mwalimu huyo aliyaamini mno maendeleo. Twaona hiyo ni hukumu ya haki: ashukuriwe kwa aliyoyaona, asifuatwe katika aliyoyakosa.

Sasa tuligeukie Kanisa letu. Mwaka 1887 Kardinali Gibbons wa Baltimore aliwatetea mbele ya Roma wafanyakazi wa chama kikubwa cha Marekani, ambao wengi wao walikuwa Wakatoliki, wasije wakahukumiwa kana kwamba kujiunga kutafuta haki ni uasi. Tarehe 15 Mei 1891 Papa Leo XIII alitoa Waraka wake mkuu juu ya hali ya wafanyakazi. Alifundisha kwamba ujira haupimwi kwa mapatano tu. Mwenye njaa hukubali chochote; kukubali kwake hakumfanyi tajiri kuwa mwenye haki. Ujira lazima utoshe kumlisha mfanyakazi mwenye kiasi na mwenye adabu. Papa huyo alitetea pia haki ya mtu kumiliki mali yake, na haki ya wafanyakazi kuunda vyama.

Mafundisho hayo yalichukuliwa na padre mmoja, John Ryan, aliyezaliwa Minnesota mwaka 1869 katika nyumba ya wakulima wenye asili ya Kiairishi. Mwaka 1906 alitoa kitabu juu ya mshahara wa kumwezesha mtu kuishi, akionyesha kwamba kila mtu, kwa kuwa ana roho na heshima aliyopewa na Mungu, ana haki ya kupata katika nchi riziki ya kutunza jamaa yake. Hakuridhika kusema maneno matupu; alipiga hesabu ya kodi, chakula na mavazi. Mwezi Februari mwaka 1919 Maaskofu wanne, kwa niaba ya baraza la Wakatoliki wa Marekani, walitoa tamko lililoandikwa na Padre Ryan. Wakataka sheria ya kima cha chini cha mshahara, bima ya ugonjwa, ya uzee na ya kukosa kazi, na mwisho wa kazi za watoto. Walikuwapo wenye viwanda walioyaita hayo maneno ya kisoshalisti. Lakini mwaka 1935 nchi ilipata sheria ya bima ya wazee na ya wasio na kazi, na mwaka 1938 sheria ya kima cha chini cha mshahara.

Wasomaji watambue jambo moja hapa. Padre Ryan hakulazimika kupunguza hata neno moja la Nasadiki ili amtetee maskini. Alimtetea kwa sababu aliisadiki. Kama mtu si mwana wa Mungu, aliyekombolewa kwa Damu ya Kristo, kwa nini tusimlipe kama tununuavyo kuni, yaani kwa bei ya chini tuwezayo kuipata? Lakini tusijisifu. Maaskofu waliandika, na Wakatoliki wengi wenye mali hawakusoma. Kuwa na mafundisho yaliyo kamili kabatini hakumwokoi mtu.

Na hapo ndipo somo hili lituingiapo nyumbani. Sisi hatuna viwanda vya chuma. Lakini jamaa nyingi za Kikatoliki zina msichana wa kazi jikoni, au kijana wa kuchunga ng'ombe, au vibarua wa kupalilia shambani. Tujiulize pasipo kujificha. Msichana huyo amelipwa mwezi uliopita, au twamwambia kila siku "subiri kidogo"? Ana siku ya kupumzika? Jumapili sisi tukienda Misa tumevaa vizuri, yeye huenda saa ngapi? Tukisali Rozari jioni, yumo kati yetu, au tumemwacha na sufuria? Akiugua, twamtibu au twampa nauli ya kurudi kwao? Kama mtoto wetu wa umri wake yuko shuleni na huyu hajui kusoma, tumeufikiria ukweli huo hata mara moja?

Hayo si mambo ya siasa. Ni mambo ya kitubio. Mwenye kuzuia ujira wa mtu haitoshi aungame tu, lazima arudishe. Nasi twawaonya pia wale wasemao kwamba kujenga zahanati na kuchimba visima kumetosha, sala ni ya wazee. Rauschenbusch mwenyewe asingekubali. Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu, umetufundisha tuyatofautishe maendeleo ya dunia na Ufalme wa Kristo, lakini pia tusiyadharau, maana yana thamani mbele ya Ufalme huo. Kisima ni chema. Lakini anayekunywa maji yake atakufa siku moja, naye ahitaji Sakramenti na tumaini la uzima wa milele.

Mwezi Mei mwaka 2025 alichaguliwa Papa aliyezaliwa Chicago, mji ule ule wa viwanda na wahamiaji. Akajiita Leo XIV, akaeleza kwamba alilichagua jina hilo hasa kwa ajili ya Leo XIII na Waraka wake, kwa kuwa leo kazi za watu zinageuzwa tena, safari hii na akili mnemba. Ni dalili kwamba fundisho la mwaka 1891 halijazeeka.

Basi twawaomba wazazi wafanye jambo moja juma hili. Mkiisha kula chakula cha jioni, watoto wakiwapo, mkokotoeni ujira wa kila mtu awafanyiaye kazi, tarehe aliyolipwa mwisho na kiasi anachodai. Ikionekana kuna deni, lilipwe kabla ya Jumapili, ndipo mkaribie Meza ya Bwana. Na huyo aliyelipwa muite kwa jina lake, aje asali pamoja nanyi.