Herufi za Heshima: Mafunzo Niliyopata Steshenari Tabora

Kazi yangu hapa Tabora ni kupanga maandishi: kadi za harusi na za michango, lebo za asali, ratiba za mazishi. Mteja akitaka kitu cha heshima, mara nyingi namfungulia Playfair Display, fonti iliyochorwa na Claus Eggers Sørensen wa Denmark na kutolewa bure mwaka 2011. Ukoo wake ni wa zamani. Unatokana na kazi za mafundi wa karne ya 18: John Baskerville wa Birmingham, akina Didot wa Paris na Giambattista Bodoni wa Parma. Haya ndiyo niliyojifunza kwa kuitumia.

1. Uzuri wake ni tofauti ya unene. Ikuze herufi n ijaze karatasi. Miguu imeshiba wino, lakini pale upinde unapochipuka mguuni, mstari unakonda kama unywele. Ukiunenepesha mstari huo, madaha yote yamekwisha.

2. Inataka ukubwa. Maneno yetu yamejaa m, n na u. Andika neno "Unyanyembe" kwa herufi za kichwa cha habari, kila moja itajitegemea. Liandike kwa pointi 7, vile viungo vyembamba vitapotea na msomaji ataona miguu mitupu.

3. Uliza kwanza itachapwaje. Printa ya leza kwenye karatasi laini huitendea haki. Fotokopi ya fotokopi huikatakata, na kwenye fulana wino huziba matundu ya a na e. Lebo ya asali nayo hushikwa na mikono inayonata, kwa hiyo jina la asali nalikuza, na maelezo ya chini nayaandika kwa fonti nyingine.

4. Kagua tarakimu. Usipobadilisha mpangilio, 3, 4, 5, 7 na 9 hushuka chini ya mstari, 6 na 8 hupanda juu. Katika tarehe ya harusi hilo ni pambo. Katika namba ya simu ya kupokelea mchango ni usumbufu, maana mtu huinakili harakaharaka. Namba hiyo iandike kwa fonti ya kawaida.

5. Wino ndio utunzaji. Mwaka 1871 msafiri David Livingstone aliishiwa karatasi huko Nyangwe, Kongo ya mashariki, akaandika shajara yake juu ya gazeti la London kwa wino wa mimea. Mwaka uliofuata alikaa Kwihara, jirani na mji wetu, kwenye tembe ambalo sasa ni makumbusho. Wino wake ulififia hata wataalamu wakahitaji kamera maalumu kuusoma, ilhali maneno ya gazeti yaliyochapwa yalibaki yakisomeka. Ratiba ya mazishi hutunzwa na familia kwa miaka mingi, hivyo usiibanie wino wala karatasi.

6. Haifai kila mahali. Ipe jina la maharusi, au la marehemu, na uliachie nafasi pande zote. Ukumbi, saa na majina ya kamati yakae kwenye fonti tulivu.

Ndugu wa steshenari, kabla ya kutoa nakala mia, toa moja kwa mashine ileile na karatasi ileile, umpe mzee aisome. Akikwama, badilisha fonti.