SOMO: UKINGO WA DARI (Kumbukumbu la Torati 22:8)



Tunaanza na jambo lenye kila mumoja wetu analijua. Unapeleka kiatu kwa fundi siku ya kwanza, anakuambia urudi siku ya tatu. Siku ya tatu hayupo. Siku ya tano anakupa kiatu chenye kuachana tena mbele hujafika nyumbani. Unaenda ofisini kutafuta karatasi ya kuzaliwa ya mutoto, wanakosea jina, na kosa ni lao lakini wewe ndiye unalipa ili walisahihishe. Mwalimu anaandika ubaoni neno lenye kosa, na watoto 70 wanalinakili. Wazee wetu wanatikisa kichwa na kusema, "Zamani haikuwa hivi." Nasi tunaitikia, na malalamiko hayo tunatembea nayo kutoka kanisani mupaka nyumbani.

Juu ya hiyo zamani, tuseme ukweli. Wengine wanasifu wakati wa Wabeleji kwamba barabara zilikuwa sawa na kila kitu kilifanyika kwa saa yake. Wanasahau fimbo. Kazi yenye kunyooshwa na fimbo hatuitafuti tena.

Lakini kuharibika kwa kazi katika inchi yetu ni kweli, na kuna mahali kunakoonekana wazi. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 ilitoa karibu tani 30,000 tu. Kati ya miaka hiyo, mwezi wa 9 mwaka 1990, sehemu kubwa ya shimo la Kamoto, karibu na Kolwezi, ilibomoka chini ya udongo. Mwaka 1991 ukaja uporaji mijini, na mwaka 1992 na 1993 wafanyakazi wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, pamoja na ujuzi wao. Sasa tufikiri juu ya shimo. Wenye kuchimba chini ya ardhi wanaacha nguzo za mawe zishike dari, na mahali penye kuchimbwa wanapajaza tena. Kujaza hakuonekani. Hakuleti pesa leo. Pesa ya shaba ikichukuliwa yote bila kurudishwa kidogo kwenye matengenezo, vyombo vinachakaa, na dari inangojea siku yake. Hatusemi kwamba mufanyakazi wa chini alikuwa muvivu. Wengi walifanya kazi vizuri sana chini ya dari yenye kuachwa na wakubwa.

Tena kuna Artikle ya 15. Watu wanasimulia kwamba ilitoka Kasai wakati wa mafarakano ya 1960, kwamba wakimbizi walipoomba musaada walijibiwa: mujitafutie wenyewe. Kama ni kweli au ni muchezo wa maneno, inchi yote iliishika. Nasi hatutaiteka. Miaka ya 1990, wakati mushahara wa mwalimu na wa muuguzi haukufika, au ulifika bila kutosha kununua unga, Artikle ya 15 ndiyo ililisha watoto, na wengi wenye kusoma somo hili walikula mukate wake. Ubaya wake ulikuja pembeni. Tulijifunza kutafuta, kisha tukajifunza kufanya nusu. Siku hizi fundi mwenye kulipwa sawasawa anafanya nusu vilevile, kwa sababu mukono umezoea.

Na nusu inaua. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, mashua yenye kuitwa Merdi ilitoka Minova kwenda Goma, kwa kuwa vita vilikuwa vimefunga barabara. Ilipinduka karibu na Kituku, mbele ya macho ya watu wenye kusimama ukingoni wakiwangojea wao. Ilikuwa imebeba watu wengi kupita kipimo chake. Makumi walikufa. Hakuna aliyeamka asubuhi ile akitaka kuua mutu. Kila mumoja alikubali abiria mumoja zaidi.

Ndiyo sababu tunafungua Kumbukumbu la Torati 22:8. Nyumba za watu wale zilikuwa na dari tambarare. Watu walipanda juu kupumuzika, kuzungumuza, hata kulala. Musa anaagiza kwamba mutu akijenga nyumba mupya aweke ukingo kuzunguka dari, ili mutu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba ile. Tuangalie mambo mawili hapa. Sheria haiulizi kama mwenye kujenga alikuwa na nia mbaya. Na maneno yenyewe hayaelekezwi kwa fundi. Yanaelekezwa kwa mwenye nyumba.

Neno hilo la pili lilitupata sisi wenyewe. Katika paruwasi yetu tulikuwa tunajenga chumba cha masomo ya watoto. Siku moja mama mumoja alibeba tofali, likamuponyoka kutoka kiunoni, likawa muchanga mutupu. Tukamwita ndugu mwenye kuyatengeneza, ambaye ni muimbaji katika kwaya yetu. Tukamuuliza: mufuko mumoja wa simenti unatoa matofali mangapi? Akasema 60. Kila mutu mwenye kujua kazi hiyo anajua kwamba 30, au kuzidi kidogo, ndiyo kipimo. Mumoja wetu akakasirika, akamuambia kwamba anaiba kazi ya Mungu. Ndugu yule akatoa karatasi kutoka mufukoni. Ilikuwa hesabu yetu, yenye sahihi zetu: matofali 600, mifuko 10. Yeye aliomba 20. Sisi ndio tulikata, tukasema Mungu ataongeza.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kisha mzee wa paruwasi akauliza ni matofali mangapi yamekwisha kuingia katika ukuta. Yalikuwa 140. Wengine walitaka yaachwe, na plasta ifunike. Mama yule yule wa tofali akauliza ni mutoto wa nani atakaa karibu na ukuta ule. Tukaubomoa siku ya sita ile ile, wenye kutia sahihi wakishika nyundo wa kwanza. Mifuko mingine 10 tuliilipa sisi, wala si sanduku la matoleo, na muimbaji wetu alilipwa siku zake zote.

Matofali mapya tuliyaangusha matatu mbele ya wazee. Mawili yalibaki mazima, la tatu lilivunjika pembe. Ukuta sasa umefika kwenye madirisha.