Kura Tatu za Mtu Mmoja

Mtoto akiuliza habari za uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika, aghalabu wazazi humjibu kwamba TANU ilishinda, na neno limekwisha. Lakini limo ndani yake jambo tupendalo jamaa zetu walitazame kwa utulivu.

Uchaguzi huo ulifanyika kwa vipindi viwili, Septemba 1958 na Februari 1959. Kila jimbo kati ya 10 lilitoa wajumbe watatu wa Baraza la Kutunga Sheria: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mpiga kura wa rangi yoyote alilazimishwa kuchagua wote watatu. Akimwacha mmoja, karatasi yake haikuhesabiwa. Waafrika walizidi milioni 8, Wazungu walikuwa yapata elfu 20, na viti vyao vilikuwa sawasawa! Dhuluma hiyo haikujificha, na wengi katika TANU walitaka kususa. Mkutano wa Tabora, Januari 1958, ulimsikiliza Mwalimu Nyerere ukakubali kushiriki. Zuberi Mtemvu akatoka, akaunda chama chake.

Basi tazameni yaliyotokea. Viti vilitengwa ili wachache wasimezwe, kumbe katika majimbo mengi kura za Waafrika ndizo zilizoamua ni Mzungu yupi na Mwasia yupi aingie. Walioungwa mkono na TANU, kama Derek Bryceson na Bibi Sophia Mustafa, wakashinda; chama cha UTP kikaanguka. Kiti kilikuwa cha Mzungu, hiari haikuwa yake.

Je, wachache huwakilishwa na mtu wa rangi yao, au na mtu waliyemtaka wenyewe? Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la North Carolina la mwaka 1986, ilitazama zaidi hilo la pili: weupe walio wengi wakipiga kura kwa umoja hata mteule wa weusi akawa hushindwa karibu kila mara, jimbo la viti vingi laweza kuwanyima weusi haki. Kwetu wachache ndio waliokuwa na nguvu, wala hatuwalilii UTP. Hata hivyo twakiri kwamba Mhindi aliyemtaka mwingine hakusikiwa. Kwa upande wa pili, mgombea Mzungu alilazimika kwenda kuzungumza na Waafrika, jambo ambalo daftari la kura la Wazungu peke yao lisingemdai.

Mwaka 1965, viti vya rangi vilipokuwa vimekwisha kuondolewa, Bryceson na Amir Jamal walishindana na Waafrika, wakachaguliwa.