Mtoto Mchanga na Nyimbo

Mama akimpeleka mtoto wa mwaka mmoja na nusu kwenye nyimbo za watoto mara ya kwanza, pengine atadhani mtoto hajifunzi kwa sababu haimbi. Sivyo. Mtoto husikiliza kwanza, kisha hupiga makofi, kisha hushika neno moja. Baada ya siku chache utamsikia nyumbani akilisema.

1. Mnyonyeshe au mlishe kwanza. Mwenye njaa hatulii.

2. Mpakate. Mwaka 2022 vita vilifika hapa Rumangabo, na watoto wengi wamesikia milio ya bunduki. Mtoto akishtushwa na ngoma, usimcheke wala usimkemee. Toka naye, mwimbie polepole, mrudi pamoja akiisha kutulia.

3. Usimkalishe karibu na kipaza sauti. Kelele kubwa huharibu sikio la ndani, na likiharibika haliponi.

4. Mwangalie. Je, hugeuka akiitwa kutoka nyuma? Kama hageuki, au kama sikio linatoa usaha, mpeleke hospitalini. Usitie mafuta wala dawa ya majani sikioni. Surua na homa ya uti wa mgongo huweza kuleta uziwi. Kwa hiyo usikose siku ya chanjo. Mtoto asiyesikia hukawia kusema, na kila mwezi wa kungoja ni hasara kwake.

Maswali

Kwa nini mtoto hukaa kimya kwanza?
Tufanye nini akiogopa ngoma?
Tutajuaje kama anasikia vizuri?