Dondoo muhimu: Kuinua dumu la maji bila kuumiza mgongo

Dumu la lita 20 likijaa lina kilo 20 na ushei, ila uzito unaoufikia mgongo unategemea unavyolishika.

1. Lisogelee kwanza. Misuli ya mgongo huvuta ikiwa sentimita 5 hivi tu kutoka kwenye uti. Dumu likiwa sentimita 50 mbele yako, inabidi ivute kwa nguvu ya karibu kilo 200. Kosa hili ndilo kubwa kuliko yote, na wengi hulifanya kwa kuogopa kulowanisha nguo.

2. Tanua miguu upana wa mabega, mmoja mbele kidogo.

3. Kunja magoti na nyonga, si kiuno.

4. Usinyanyue kwa kushtukiza. Kadiri mzigo unavyoondoka kwa kasi, ndivyo nguvu inayohitajika inavyoongezeka.

5. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo. Kuinama huku umejipinda kiuno ndiko kunakowalaza watu chini, hata kwa ndoo nusu.

6. Madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, ni afadhali kuliko la 20 upande mmoja.

7. Ukijitwika, tumia ngata, na umwombe mwenzako akutwike. Shingo ikiuma, acha.

8. Mkokoteni usukume, usiuvute, njia ikiruhusu.

9. Maumivu yakishuka mguuni au ukihisi ganzi, nenda zahanati, usikimbilie kukandwa.