VPN Inakula Kasi ya Nyumbani? Sogeeni Hapa

Haya wadogo zangu, sogeeni. Swali mnalonijaza nalo ni lile lile: "Dada, nalipia Mbps 20, nikiwasha VPN intaneti inajikokota. Nimeibiwa?"

Hujaibiwa. VPN lazima ipunguze kasi kidogo, kwa sababu kila unachotuma kinafungwa kwa siri kwenye simu yako, kinapelekwa kwenye seva ya VPN, kinafunguliwa huko, ndipo kiende ulikokituma. Pima kasi VPN ikiwa imezimwa, pima tena ikiwa imewashwa, saa ile ile, ukiwa karibu na ruta. Ukiona 20 imekuwa 17, endelea na maisha. Ikiwa 4, hapo tuulizane vizuri.

Seva umeichagua wapi? Nawajua, mnabonyeza London au New York kwa sababu bendera inapendeza. Mtu yuko Dar, anafungua tovuti iliyoko Dar, na data yake inapitia London! Huko ni kutoka Kariakoo kwenda Posta kwa njia ya Kibaha. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar hadi London kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 7,000, kwa hiyo kwenda na kurudi tu kunakula milisekunde 70 na ushee, na nyaya za baharini hazikunyooka. Filamu unayopakua haitajali sana. Anayeumia ni mpiga simu za video na mcheza gemu. Kama huna shida maalumu na Ulaya, chagua Nairobi au Johannesburg.

Halafu kuna wajanja walioiweka VPN kwenye ruta ili nyumba nzima ijifiche. Wazo zuri, ila ruta nyingi tunazofungiwa majumbani zina prosesa dhaifu, na kazi ya kufunga data inazielemea, hasa kwa OpenVPN. Iweke kwenye kompyuta au simu, kisha kwenye mipangilio chagua WireGuard. Hiyo ni nyepesi, na tangu 2020 imo ndani ya Linux yenyewe.

VPN za bure sizisemei mengi. Jioni seva zake hufurika, na anayekubebea mizigo bure ana pa kulipwa.

Wapo wanaoapa kwamba VPN imewaongezea kasi. Si waongo. Kampuni ikiwa inabana video peke yake, ukiwa ndani ya VPN haijui ipi ni video ya kubanwa. Lakini laini ya Mbps 10 haizai 15, msidanganyane.

Mlioko Tanzania, someni tangazo la TCRA la Oktoba 2023 kuhusu kusajili matumizi ya VPN. Hilo mimi siwezi kuwabebea.

Na umeme ukikatika, ruta ikazima, ukahamia kwenye bando la WhatsApp la simu, zima VPN kwanza. Ikiwa imewashwa, mtandao hautambui kwamba uko WhatsApp, na utakukata kwenye bando la kawaida au salio.